Sifa ya Mikono Iteuayo Mbegu

Siku moja kabla ya mavuno, katika boma moja lililo upande wa machweo ya Butiama, nilimwona bibi mmoja akitoka peke yake alfajiri, hana jembe wala gunia, ila kisu kidogo cha kukatia mboga mkononi na ungo uliochakaa kichwani, akaingia katika shamba la mtama ambalo kesho yake lingejaa wajukuu, wakwe na majirani kwa vicheko na nyimbo, naye akaanza kutembea humo polepole, safu kwa safu, kama mtu apitaye katikati ya wageni waliolala akiutafuta uso anaoujua. Aliyapita masuke makubwa yaliyoinama kwa uzito, akayaacha. Akasimama mbele ya bua la kimo cha wastani, akaliinamisha suke, akalikung'uta juu ya kiganja na kutazama ni punje ngapi zimedondoka. Akaikwaruza moja kwa ukucha, akaiuma. Akalichungulia bua kama limetobolewa na bungua. Kisha, jambo lililonishangaza zaidi, akayatazama mabua ya jirani, kushoto na kulia, kama hakimu anayewauliza mashahidi. Hapo tu ndipo alipokata.

Nilimwamkia, nikamwuliza, "Bibi, mbona yale makubwa ya ukingoni umeyaacha?"

Akanijibu bila kuinua macho, "Yale yamekula samadi ya zizi, mwalimu. Mimi natafuta lililojitafutia."

Mafundi wengine wamekwisha kupata sifa zao. Mwashi wa majumba ya mawe ya Lamu, mnakshi wa milango ya Unguja, seremala wa majahazi, mhunzi wa majembe na mikuki, kila mmoja wao ameacha nyuma yake kitu ambacho mgeni aweza kukigusa na kukistaajabia hata baada ya fundi mwenyewe kurudi mavumbini. Fundi wa mbegu hana bahati hiyo, kwa kuwa kazi yake huliwa. Alichokiteua vizuri huota, huzaa, huvunwa, husagwa, kikawa ugali mbele ya watu wasiofikiri kwamba chakula kile, na mama wa chakula kile, na bibi wa mama yake, kwa vizazi visivyo na idadi, vilipita kwanza chini ya macho ya mtu aliyesimama shambani alfajiri na kuamua kipi kiishi. Mimi nilizaliwa pwani katikati ya minazi, nikaja Musoma kusomesha, na kwa miaka ya mwanzo niliuona mtama ulio kando ya barabara ya Bunda kama majani mengine tu ya nchi kavu. Tangu alfajiri ile nimeamini, na imani hiyo imezidi kwa kila nilichokisoma na kukiona, kwamba katika fani zote za wanadamu hii ni miongoni mwa zile kongwe na tukufu, tena ina ajabu ambayo uashi na useremala havina, nayo ni kwamba kitu kinachotengenezwa humgeukia fundi wake nacho kikamtengeneza.

Mtama wa mwitu ungali unaota kando ya mitaro na mipakani mwa mashamba. Punje yake ikiiva hukatika yenyewe shingoni na kuanguka, maana wajibu wa mmea ulio huru ni kuwamwaga watoto wake ardhini kabla ndege hajawafikia, na suke linalozishikilia punje zake baada ya kuiva ni suke lililopungukiwa, ambalo nasaba yake porini haina maisha marefu. Lakini mtu alipokuja na kisu, kilema kile kikageuka neema, kwa sababu masuke yaliyomwaga yalibaki njiani na yaliyoshikilia yalifika nyumbani, na yaliyofika nyumbani ndiyo yaliyopandwa mwaka uliofuata. Ushahidi wa zamani kabisa wa jambo hilo umekutwa katika vigae mashariki ya Sudani, katika nchi iliyo karibu na Kassala. Wafinyanzi wa zama zile, ambazo ni zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, walichanganya udongo wao na makapi ya uwanja wa kupuria, na katika alama za makapi hayo wataalamu wameona yaliyobanduka kwa ulaini, kama ilivyo desturi ya mwitu, yamechanganyika na yaliyong'olewa kwa nguvu, kama ilivyo desturi ya shamba. Mkataba wa mtu na mmea ulikuwa haujakamilika. Pande mbili zilikuwa bado zinajadiliana. Bibi wa Butiama alipolikung'uta suke juu ya kiganja alikuwa akiuliza swali lile lile, kwa mkono ule ule, na hakika kama angalikuwapo mmoja wa wanawake wa Kassala pale shambani angalielewa bila mkalimani.

Watu waliokuja na majembe kuelekea Maziwa Makuu walikuja na neno pia. Mbegu ya Mswahili ni ndugu wa mbeũ ya Mkikuyu na imbewu ya Mzulu, na undugu wa maneno yaliyo mbali namna hiyo ni dalili kwamba kitu chenyewe kilitajwa na kutunzwa kabla ndugu hao hawajaagana. Katika masimulizi ya asili ya Wanata, walio mashariki ya Bunda, mwanamume wa kwanza alikuwa mwindaji na mwanamke wa kwanza alikuwa mkulima, na kabila likaanza pale wawili hao walipokutana. Nayapenda masimulizi hayo kwa sababu yamekiri waziwazi jambo ambalo vitabu vingi vya historia hulipita, kwamba aliyeishika mbegu alikuwa mwanamke.

Sasa ukiutazama mkataba ule kwa makini utaona kwamba kila kazi ambayo mmea umeiacha, mtu ameipokea mabegani. Mtama ulipoacha kujimwaga, ilimpasa mtu aumwage. Ulipoyaacha makali yake ili umpendeze mlaji, ilimpasa mtu awe makali yake. Mtama mweupe, wenye unga mtamu usio na ukakasi, ni karamu ya kwelea kwelea, ndege wadogo ambao kundi lao likishuka hufanana na moshi, na kwa ajili hiyo watoto wa mkoa huu wa Mara wamekesha na kuamka kwa vizazi vingi wakiamia, wengine juu ya dungu na kombeo mkononi, wengine wakipiga madebe, koo zikiwakauka, kuanzia punje inapokuwa maziwa mpaka inapokuwa jiwe. Mtama mwekundu una tanini, ule ukakasi unaoubana ulimi kama ndizi mbichi, na ndege huupita akiwa na chaguo jingine. Mkulima mwenye busara hakuuchagua mmoja na kuufukuza mwenzake. Alipanda yote miwili, mweupe kwa ugali na mwekundu kwa kimea na pombe na kwa mwaka ambao watoto wa kuamia ni wachache. Basi katika rangi ya punje mimi husoma hali ya nyumba: mikono iliyomo, watoto waliokwenda shule, vijana waliohamia Mwanza. Kuna wanaosema kwamba mtama mwekundu ni chakula cha maskini, na nadhani wanakosea sana, kwa kuwa uchungu ule ni mlinzi aliyeajiriwa kwa makusudi na watu waliojua kazi yake.

Huko Bunda, upande unaopakana na Serengeti, ulinzi una sura nyingine ya kutisha. Tembo hutoka hifadhini usiku wakaingia mashambani, nao hawaendi kwenye magugu. Huenda kwenye kile ambacho mkono wa mtu umekilainisha, umekitia utamu na kukikusanya mahali pamoja, wakala kwa saa moja jasho la miezi sita. Nimeketi na watu waliotoka kukesha kwa ngoma na mienge, macho mekundu kwa moshi, na sikuthubutu kuwaambia neno lolote la falsafa. Lakini nasema hapa kwamba tembo yule anasifu ustadi wa mkulima kwa njia mbaya kabisa.

Ulezi una hadithi ya upole zaidi. Ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, kuanzia Uhabeshi hadi Uganda, na kutoka huku ulivuka bahari katika zama za kale hadi Bara Hindi, ambako unaitwa ragi na kuliwa na mamilioni ya watu wasiojua kwamba unga wao una asili moja na uji wa mtoto wa Kikurya. Punje yake ni ndogo hata fukusi hapati chumba cha kukaa ndani yake, na kwa hiyo kihenge cha ulezi huweza kukaa miaka kumi na zaidi kikingojea njaa. Pamoja na ulezi wa shambani huota ndugu yake wa mwituni, aliyefanana naye kwa jani na kwa kimo kiasi kwamba mpaka siku ya kuchomoza masuke ni vigumu kuwatenganisha. Mfanano huo hauna bahati ndani yake. Kwa maelfu ya misimu mwanamke aliinama akang'oa kila kilichoonekana kigeni, na kigeni kisichoonekana kigeni kikapona. Mwisho gugu likavaa sura ya zao, mithili ya mwivi aliyevaa kanzu ya msafara. Maana yake ni kwamba jicho la mpaliliaji limeunda hata kile alichokusudia kukiangamiza, na gugu kwa upande wake limelinoa jicho hilo likawa kali kuliko jicho la mtu mwingine yeyote. Nimesimama na akina mama wapaliliao ulezi, wakanionyesha mashina mawili ambayo mimi ningeapa ni pacha, wakacheka kwa ihsani, wakaling'oa moja.

Kiduha, gugu jingine, ni adui mwenye subira ya kutisha zaidi. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, hulala udongoni miaka mingi zikingojea mzizi wa mtama au mhindi upite karibu na kutoa harufu yake, ndipo ziote na kumnyonya mwenyeji. Ua lake ni zuri. Mkulima akiliona huondoka kimya.

Muhogo ni mgeni. Wareno waliutoa Brazili wakauleta Afrika katika karne ya 16, ukapenya bara taratibu, na serikali ya kikoloni ikaulazimisha kupandwa kuwa kinga ya njaa, kwa kuwa nzige hafukui. Mgeni huyo alikuja na sumu yake, na hapa ndipo ninapotaka kutua kidogo, maana sijaona mahali ambapo ustadi wa mikono umekaribiana na uhai na mauti kama katika udaga, muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Muhogo mchungu umebeba ndani yake kitu ambacho mnofu ukipondeka huzaa sianidi, na kwa sababu hiyo nguruwe mwitu na nyani huuogopa, na mwivi wa usiku hawezi kuutafuna njiani. Wanawake wa Mara wanajua jambo hilo na wengi wameuchagua kwa sababu hiyo hiyo. Wameiacha sumu shambani ilinde, kisha wakaja kuiondoa nyumbani: wakamenya mizizi, wakaianika kidogo, wakaivundika kwa kuirundika na kuifunika siku kadhaa hata ukungu ukaota na mnofu ukalainika, wakaukwangua ukungu, wakaivunjavunja na kuianika tena juani mpaka ikawa myepesi na mikavu kama chaki, ndipo ikafika kwenye kinu. Nani aliyegundua kwamba kuoza kwa kiasi huponya? Hana jina, na ningependa sana kuwa nalo. Yeye hakuwa na kitabu wala maabara. Alikuwa na pua, ulimi, na watoto aliowapenda. Mama wa leo huupeleka mkono katikati ya rundo akapima joto lake, hunusa, hubonyeza, akasema "bado" au "tayari", na katika neno hilo moja umo usalama wa nyumba nzima.

Na ya kwamba ni usalama hasa, Mara imelijua kwa machungu. Katikati ya miaka ya 1980, wilayani Tarime, kaskazini ya Musoma, madaktari waliandika habari za watu waliolala wazima wakaamka miguu yote miwili imekakamaa, wasipone tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Sababu yake ni muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, ukaliwa siku baada ya siku na watu wasiokuwa na chakula kingine cha kuusaidia mwili kuizima sumu. Ukame huuzidishia muhogo uchungu wake katika wakati ule ule ambao njaa humpunguzia mama siku zake za kungoja. Haifai mtu kuwalaumu akina mama wale. Waliijua kazi yao. Walichokosa ni siku tatu ambazo kazi yao inazidai, na mtoto anayelia hazitoi siku tatu.

Hayo yote ni habari za mtu kuuumba mmea. Upande wa pili wa mkataba umeandikwa ndani yetu, mahali tusipopaona. Hata mate ya kinywa yana habari zake: utafiti uliotangazwa mwaka 2007 uliwalinganisha watu wa namna mbalimbali, wakiwamo Wahadza wa ziwa Eyasi, wachimbaji wa mizizi, na Wadatoga wafugaji, ambao ndugu zao hapa Mara tunawaita Wataturu; ikaonekana kwamba watu ambao wazee wao waliishi kwa wanga mwingi hurithi kwa wastani nakala nyingi zaidi za ile chembe ya urithi inayotengeneza kimeng'enya cha kuyeyusha wanga mdomoni. Lakini habari iliyonishika moyo ni ya damu, na ni ya Musoma.

Mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza kwamba alama ya selimundu, ile inayoifanya chembe nyekundu ya damu ijikunje, imeenea zaidi mahali penye malaria kali, kwa kuwa mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria ya kuua, ilhali aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wenyewe. Mwaka 1956 alichapisha hesabu za wilaya ya Musoma. Walipimwa watoto wachanga 287: wasio na alama 189, wenye alama ya mzazi mmoja 89, wenye alama ya wazazi wote wawili 9. Walipimwa watu wazima 654: wasio na alama 400, wenye alama ya mzazi mmoja 249, wenye ya wawili 5. Zisome hesabu hizo polepole kama mtu asomaye majina juu ya makaburi. Katika watoto, wenye kinga walikuwa 31 kwa kila 100. Katika watu wazima walikuwa 38. Katika watoto, wagonjwa walikuwa 3 kwa kila 100. Katika watu wazima hawakufika hata 1. Kati ya safu ya kwanza na safu ya pili wamo watoto waliochukuliwa na malaria kwa sababu hawakuwa na alama, na watoto waliochukuliwa na selimundu kwa sababu walikuwa nayo mara mbili, na mama zao wote walikuwa watu wa pwani hizi za ziwa, waliolima mtama na ulezi na muhogo.

Mwaka 1958 Mmarekani Frank Livingstone, akiitazama Afrika ya Magharibi, alitoa hoja iliyoufunga mzingo: kwamba jembe ndilo lililomfungulia mbu mlango, kwa kuwa msitu ulipokatwa jua lilifika chini, maji yakatuama kwenye vidimbwi vya wazi, watu wakajenga karibu karibu wasihame tena, na mbu wa malaria, apendaye maji yenye jua na damu iliyo jirani, akapata makao. Kama ndivyo, basi shamba nalo limekuwa likitembea katikati yetu kwa maelfu ya miaka, safu kwa safu, likiinamisha hiki na kuacha kile, na alama liliyoiacha ni chembe yenye umbo la mundu, chombo kile kile cha mavuno. Uteuzi wa bibi wa Butiama una huruma. Suke asilolichukua linakwenda kuliwa, na kuliwa si fedheha. Uteuzi wa shamba juu yetu haukuwa na huruma. Naona ni wajibu wa mtu anayeusifu ukulima kuitaja gharama hiyo, la sivyo sifa yake ni ya mgeni aliyekula akaondoka bila kuuliza nani aliyepika.

Kuna mafundi wa mbegu wenye darubini na daftari, nao nawasifu kwa dhati. Katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo, naye na wenzake wakauozesha muhogo na ndugu yake, mti wa mpira wa Kibrazili, ili wazao warithi ukakamavu wa mti ule. Baadhi ya wazao wao wakapelekwa Nijeria, wakazaa huko, na katika miaka ya 1990, batobato kali, ugonjwa mwingine wa muhogo ulioanzia Uganda, ilipoenea katika ukanda wa ziwa, wajukuu wa mbegu zile wakarudi Afrika ya Mashariki kuja kuzuia njaa. Ni safari ndefu kwa kitu kisicho na miguu. Ukiriguru, karibu na Mwanza, ndiko zilikotoka mbegu za pamba zinazoyafanya mashamba ya Bunda yawe meupe msimu wa mavuno, na miongoni mwa hila zao za kwanza ni kuteua mipamba yenye majani ya manyoya, ambayo mdudu mdogo afyonzaye utomvu hawezi kuyatembelea kwa raha. Tazama jinsi fikira ni moja: manyoya ya mpamba, ukakasi wa mtama, sumu ya muhogo. Mabingwa wa Ukiriguru na bibi mwenye kisu cha mboga ni wanafunzi wa darasa moja.

Walakini darasa hilo halikutendewa sawa. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliziwekea mbegu za kuuzwa vipimo na vyeti, na ni haki, kwa sababu mkulima aliyeuziwa mbegu iliyokufa ameibiwa mwaka mzima. Tena iliachwa nafasi ya mbegu za daraja la kuazimiwa, ambazo wakulima wenyewe huzizalisha chini ya ukaguzi na kuziuza jirani. Lakini mbegu ya bibi, ile isiyo na jina la karatasi, ambayo hupewa mkwe siku ya harusi na jirani siku ya msiba, imezoeleka kuitwa "mbegu ya kienyeji" kwa sauti ile ile ambayo watu humwita mtu "mshamba". Mimi sauti hiyo inaniuma. Huko Arusha iko hazina ya taifa ya nasaba za mimea, ambamo mbegu za nchi nzima hulala katika baridi, na nashukuru kwamba ipo, kwa kuwa moto wa meko, ambao mbegu za bibi hutundikwa juu yake, nao huweza kuunguza nyumba. Ila mbegu iliyolala haijifunzi. Mbegu ya bibi iliuona ukame wa mwaka juzi, ikaiona mvua iliyochelewa ya mwaka jana, na yale iliyoyaona imeyatia ndani ya watoto wake. Imesoma mpaka darasa la mwaka huu.

Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, akaondoka Ikulu mwaka 1985, akarudi kijijini kulima. Wengi huandika juu ya kurudi kwake kama mfano wa unyenyekevu. Mimi huona kwamba alirudi kwenye kazi ngumu. Mtu ambaye mwaka 1963 alikwisha kuutoa mchezo wa Julius Caesar katika Kiingereza cha Shakespeare na kuupanda katika Kiswahili, akikung'uta kila neno kiganjani aone kama linashika, alijua thamani ya kuteua. Makazi yake na kaburi lake vipo Mwitongo, jina ambalo asili yake ni mahame, mahali palipokaliwa na wazee wakahama. Na wakulima wote wa nchi hii wanajua kwamba mahame ni udongo mzuri, kwa kuwa umekula majivu ya meko na samadi ya mifugo ya waliotangulia. Leo Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kilichopewa jina lake. Naomba kwa moyo wote kwamba siku moja wanafunzi wake watapelekwa, kabla ya jua kuchomoza, kusimama kimya nyuma ya bibi mwenye ungo.

Maana nilirudi kwake jioni ya mavuno. Mtama wa kula ulikuwa umerundikwa uani mrefu kuliko mtoto, na yale masuke yake, yasiyozidi arobaini, yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya katani mafungu mawili, yakingojea kutundikwa darini juu ya meko, mahali ambapo moshi huyapaka masizi na fukusi hayasogelei. Mikono yake haikufika tena juu, akamwita mjukuu wake, kijana mrefu wa sekondari aliyekuja likizo kutoka Musoma. Kijana akapanda juu ya kigoda, akapokea fungu la kwanza, akalitundika. Kabla ya kupokea la pili akashuka, akaliendea rundo la uani, akachakura humo, akatoa suke moja zuri jekundu, akamletea bibi yake bila kusema neno. Bibi akalichukua. Akalikung'uta juu ya kiganja. Punje nne zikadondoka. Akamrudishia. Kijana akarudi kwenye rundo, safari hii akakawia, akalitoa jingine, dogo kuliko la kwanza, akalikung'uta yeye mwenyewe juu ya kiganja chake, akatazama, akaiuma punje moja, ndipo akalileta. Bibi akalisogeza kwenye mwanga wa moto, akaligeuza upande huu na upande ule.

"Hili ulilikata wapi?"

"Katikati, bibi. Karibu na lile jabali."

Akaifungua kamba ya fungu la pili, akalitia suke lile ndani, akaifunga tena.